Shokapu ya nyuma imekubali, ila nabaki na hadteili

Aisee hatimaye inashika upepo! Ni ile baiskeli ya mtumba ya fulu saspensheni (yenye shokapu mbele na nyuma) ya jamaa yangu wa Sakina, aliniachia niiendeshe kwanza ndo niamue kama nauza hadteili yangu (ile isiyo na shokapu nyuma) niongeze hela au nabaki nayo.

Tatizo mnalijua, ukijaza shokapu upepo jioni, asubuhi ukiikalia inazama mpaka mwisho. Fundi akasema pini ya vali, tukabadilisha, wapi. Nikaichomoa kwenye fremu nikaizamisha kwenye ndoo, ukitulia unaona vipovu vidogo vinatoka kimojakimoja pale kopo linapokutana na mhimili, yaani sili ya ndani imekufa. Duka la sili za haidroliki wakanipa oringi (pete ya mpira) ya kawaida, saizi ileile, ikakaa vizuri usiku kucha nikafurahi, kushuka mara moja tu kutoka Ng'iresi imejisokota na kukatika upande mmoja. Hapo ndo nikaichukua ile ya zamani nikaikata kwa wembe: ndani siyo duara, ina umbo la X. Oringi ya duara kwenye kitu kinachokwenda mbele na nyuma muda wote inabiringika kwenye mfereji wake, ile ya X inakaa. Tena msipime sili ya zamani maana imeshalika na kuvutika, pimeni mfereji kwa kalipa. Nimepata ya X kwa muuza spea za mitambo, nikapaka grisi ya silikoni (ile nyeusi ya beringi wekeni mbali kabisa na sili) na leo nimeamka, nimekaa, imezama milimita 14 kwenye 50 za shokapu, asilimia 28, palepale nilipoiacha jana. Nimefurahi sana wadau.

Pampu ya shokapu nunua ya kwako, usitegemee ya kuazima. Kompresa ya gereji haifai, hewa ya shokapu ni kidogo mno na presha inayotakiwa ni kubwa. Na ukiunganisha pampu ukaona mshale umeshuka usihangaike, ni upepo umeingia kwenye mpira wa pampu, haijavuja.

Kuhusu kuiendesha, kushuka sina ubishi, kwenye mizizi na mawe tairi la nyuma halirukiruki na breki inashika kweli. Kijiweni wananitajia mwendesha baiskeli Mcheki, Jaroslav Kulhavý aliyechukua dhahabu ya Olimpiki London 2012 juu ya fulu, sawa kabisa, ila yule ana mekanika na boksi zima la spea. Mimi nina vumbi la Arusha kiangazi na tope la masika, na maungio ya ile fremu yana beringi nyembamba za saizi 6902, nilipoulizia dukani nikaonyeshwa 6301 za bodaboda. Na beringi za maungio hazizunguki mzunguko kamili, zinacheza palepale, grisi inasogea pembeni na gololi zinachimba sehemu moja, kwa hiyo utazibadilisha tu, upende usipende.

Nilipanga nipime muda kwa zote mbili kwenye kilima kilekile, nimeachana nalo, maana wakati nasubiri sili nilivalisha hadteili tairi la nyuma la 29 kwa 2.4 bila tyubu, presha 22 psi, na hiyo kitu imenimaliza! Mgongo umetulia, kupanda inang'ata ardhi vizuri kuliko 2.1 ya zamani, na hakuna spea hata moja ya kuagiza nje. Hela ya kuongezea inaenda kwenye foki ya mbele ya upepo, fulu namrudishia jamaa ikiwa nzima.

Kinachonisumbua sasa ni silanti (ule uji wa kuziba matundu ndani ya tairi) inachungulia kwenye tundu mbili za spoki. Kesho natoa tairi, nasafisha rimu kwa spiriti na kuzungusha tepu upya tabaka mbili, na nitacheki pia nafasi kati ya tairi na fremu kule nyuma, kidole kinapita kwa shida na tope la Ngaramtoni linaganda.