Mafunzo ya utafiti wa tiba kwa njia ya mtandao: ninachowajibu wazazi wa Mwanza

Kila mtihani wa kidato cha nne unapomalizika mwezi Novemba, simu yangu hujaa viungo vya tovuti. Wazazi wa wanafunzi ninaowafundisha Biolojia hapa Nyamagana hunitumia matangazo ya mafunzo ya utafiti wa tiba yanayotolewa kwa njia ya mtandao, mengi yakiwa ya Marekani na Uingereza, na kila tangazo hufuatwa na swali lilelile: "Mwalimu, hiki kitu ni cha kweli?" Nimeona niandike jibu langu kwa kirefu, kwa sababu "ndiyo" yangu ina masharti mengi ambayo hayaenei kwenye ujumbe wa simu.

Wengi wao hudhani kwamba utafiti wa tiba hauwezi kufanyika pasipo maabara wala wagonjwa, na kwamba kijana aliyeketi sebuleni Igoma na kompyuta yake lazima atakuwa anadanganywa. Shaka hiyo naielewa, lakini haiko mahali pake. Sampuli zikishachukuliwa na vipimo vikishasomwa, kazi inayobaki ni ya mezani: kusoma machapisho ya waliotangulia, kukagua takwimu na kuondoa makosa ya uandishi, kukokotoa, kuchora grafu na kuandika. Kazi hiyo huchukua miezi, wakati mwingine miaka, na mwanafunzi aliye mbali anaweza kabisa kushiriki sehemu yake ilimradi awe na msimamizi anayeisoma kazi na kuirudisha ikiwa na maswali.

Chukua kichocho cha tumbo, ugonjwa tunaoujua sote tunaoishi kando ya ziwa, ambao vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini kabla ya kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Maabara huupima kwa njia inayoitwa Kato-Katz: kinyesi kidogo sana, miligramu 41.7, hutandazwa kwenye kioo, mayai ya vimelea huhesabiwa kwa hadubini, kisha idadi huzidishwa kwa 24 ili ipatikane idadi ya mayai katika gramu moja. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ni ya kati, na kuanzia 400 ni makali. Mwanafunzi akikabidhiwa jedwali la hesabu hizo, lisilo na majina ya watu, hahitaji hadubini ili afanye kazi ya maana. Jambo la kwanza atakalofanya ni kutafuta wastani, na hapohapo atapotea njia, kwa kuwa katika kijiji cha wavuvi watu wengi huwa na mayai machache na wachache huwa na maelfu, nao hao wachache huuvuta wastani juu mpaka kijiji kizima kikaonekana kina maambukizi makali. Msimamizi mzuri hampi jibu. Humwuliza tu ni watu wangapi katika jedwali walio karibu na huo wastani. Kijana hurudi, akahesabu, akakuta hawapo au ni wawili watatu, na tangu hapo anaanza kuelewa kwa nini watafiti wa minyoo hupendelea namba ya katikati, yaani ya mtu aliye katikati wote wakipangwa kwa wingi wa mayai, au wastani wa kijiometri, ambao hauvutwi sana na namba kubwa chache. Somo hilo moja nalithamini kuliko saa nyingi za kutazama video za watu waliovaa makoti meupe.

Tena kuna jambo ambalo matangazo hayo hayalisemi, nalo ni kwamba utafiti unaosomwa huko ng'ambo mara nyingine umefanyika hapahapa kwetu. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, ambao ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kuanzia mwaka 2017 ukaja utafiti wa DoRIS kuhusu chanjo ya HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, waligawanywa kwa kura katika makundi sita ya watu 155, ili aina mbili za chanjo zilinganishwe kwa dozi moja, mbili na tatu. Miezi 24 baadaye, zaidi ya asilimia 90 ya waliopata dozi moja tu walikuwa na kingamwili, yaani protini za kinga zinazotengenezwa na mwili, dhidi ya kirusi cha aina ya 16 na cha aina ya 18. Matokeo hayo yalikuwa sehemu ya ushahidi uliokuwapo wakati Shirika la Afya Duniani lilipokubali utaratibu wa dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikauanza mwaka 2024. Ripoti ya utafiti huo wa DoRIS husomwa bure mtandaoni. Huwa nawapa wanafunzi wangu na kuwauliza kwa nini watafiti walipima kingamwili badala ya kusubiri kuona nani atapata saratani, na atakayegundua kwamba saratani hiyo huchukua miaka mingi sana kujitokeza ameshaanza kufikiri kama mtafiti, hata kama hajajiunga na programu yoyote.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Zipo kampuni zinazotoza maelfu ya dola ili kumkutanisha mwanafunzi na msomi wa chuo kikuu mara moja kwa wiki, na kwa mzazi wa kawaida wa hapa hiyo ni ada ya miaka. Zile za bure za taasisi za serikali ya Marekani nazo zina mipaka. Mafunzo ya likizo ya Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, kwa mfano, ni ya raia na wakazi wa kudumu. Masharti ya anayestahili kuomba yasomwe kabla ya mtoto kukesha akiandika barua. Na cheti cha mafunzo ya namna hii hakitamsaidia katika udahili wa udaktari hapa nchini, ambao hutazama ufaulu wake wa Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha sita. Anayeomba vyuo vya nje anaweza kufaidika kidogo, akiwa na andiko alilolikamilisha na analoweza kulitetea mwenyewe.

Mahali ambapo huwa mkali ni kwenye taarifa za wagonjwa. Programu ikimtaka mwanafunzi azunguke mtaani Mabatini akiuliza majirani habari za afya zao, au aombe picha za mafaili kwa shangazi yake muuguzi, ajitoe siku hiyohiyo. Utafiti unaohusu watu huhitaji kibali cha maadili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Takwimu halali za kujifunzia hazikosekani: zile za utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto hutolewa bure kwa anayejisajili na kueleza anazitakia nini, zikiwa zimeshaondolewa utambulisho wa watu.

Suala la muda nalo lina uzito wake. Anayesoma bweni haruhusiwi kuwa na simu, na anayemaliza kidato cha sita mwezi Mei huenda akaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa hiyo nafasi nzuri kuliko zote ni ya mhitimu wa kidato cha nne, kuanzia Novemba hadi anaporipoti kidato cha tano mwezi Julai. Kikao cha saa kumi jioni ya New York humkuta mtoto wa Mwanza saa tano usiku wakati wa kiangazi chao, na saa sita usiku wakati wa baridi yao, tena kwa bando la mzazi. Kabla ya kulipa hata senti, waandikieni waandaaji muulize kama vikao hurekodiwa na kama msimamizi hujibu kazi kwa maandishi. Wakishindwa kuwajibu hayo mawili, tafuteni kwingine.