Kondoo wa East Village

Wakati ule nilikuwa kibarua wa kuhamisha nyumba New York. Tukapelekwa kwa bibi mmoja wa Kiukraine, East Village, mtaa ambao Waukraine wameukalia miaka mingi. Orofa ya nne, lifti hakuna. Kochi liligoma kupita mlangoni, makabati yalituvunja mgongo, hayo tuyaache. Ninachokikumbuka vizuri ni picha moja aliyotukataza tusiiguse.

Ilikuwa picha ya kondoo, nyeusi kwa nyeupe. Wenzangu waliipita. Mimi nilisimama, maana nimekulia Lamu katika karakana ya mzee wangu, fundi wa kutia nakshi milango, na alama ya patasi hainipotei hata ikiwa juu ya karatasi. Manyoya ya yule kondoo yalikuwa mistari myembamba iliyosongamana, kila mmoja na njia yake. Mtu wa penseli akikosea hufuta. Huyu alichonga ubao: alipotoa ndipo palipobaki peupe, alipoacha ndipo wino uliposhika, na patasi ikiteleza mara moja tu kondoo ana kovu. Tena huchongwa kinyume, kwa kuwa karatasi ikilazwa juu ya ubao, kushoto huwa kulia. Mzee wangu angeisogelea mpaka pua iguse kioo.

Nikamwambia bibi, "Mama, huyu si mchoraji tu, huyu ni fundi mbao." Akacheka, akaniketisha juu ya sanduku la vyombo. Bahati njema msimamizi alikuwa chini na lori.

Mchoraji ni Jacques Hnizdovsky, kwao Yakiv, aliyezaliwa 1915 katika kijiji cha magharibi mwa Ukraine. Alisomea sanaa Warsaw, vita vikamtoa, akaendelea Zagreb. Baada ya vita akawa mkimbizi Ujerumani. Mwaka 1949 akaingia Marekani, kwanza Minnesota, kisha New York. Rangi na brashi alikuwa navyo; pesa ya kumlipa mtu akae achorwe hakuwa nayo. Basi akawaendea wasiodai ujira: miti ya bustani ya mimea ya Bronx, na wanyama wa bustani iliyo jirani yake.

Na mimi nilikuwa naishi Bronx! Nikipita hapo kwa basi kila siku, nikidhani ni mahali pa watalii.

Nilimweleza bibi kwamba tangu nifike sijachonga kitu. Nakshi za kwetu, huku nitamchongea nani? Akataka kuziona. Kwenye vumbi la meza nikamchorea kwa kidole mfaa wa mlango, ule ubao wa wima wa katikati, ua juu, ua chini, na mnyororo ukipita kati. Akautazama sana. Akasema ni mzuri, ila huo ni wa baba yangu.

Haikunipendeza. Hata leo sikubaliani naye moja kwa moja: ua la mfaa si la baba yangu, ni la Lamu nzima. Lakini wengi wetu ughaibuni tukishika brashi ni jahazi na mnazi, jahazi na mnazi, utadhani macho tuliyaacha forodhani.

Jumamosi nikaenda bustanini. Baridi kali, miti haina hata jani. Kwetu mti wa namna hiyo ungeshatiwa shoka zamani. Nikasimama mbele ya mwaloni mmoja, gome lake limepasuka mifereji ya wima, mipana chini, ikizidi kuwa myembamba kuelekea matawini, nikaona mkono wangu umeshaanza kupima pa kuingiza patasi. Nikachora nyuma ya karatasi za kazi mpaka vidole vikafa ganzi.

Jioni nikampigia mzee simu, nikamwomba anitumie patasi mbili kwa mtu yeyote anayekuja huku.

"Umepata kazi ya mlango?"

"La, baba. Nataka kuchonga mti."

"Mti juu ya mti?" Akanyamaza kidogo. "Haya. Wataka za robo inchi, au nyembamba zaidi?"