Nilivyoepuka kurudiwa CT skani ya kiuno

Nilipoanguka kutoka juu ya ngazi na kiuno kikakataa kunyooka, daktari alitaka nipigwe CT skani, yaani picha nyingi za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Kila aliyekuja kunijulia hali alikuja na lake. Mmoja alisema CT skani itaniharibu kizazi. Mwingine akasema hiyo ni picha tu, wala haina madhara. Wote walinikera, maana hakuna aliyenipa kitu cha kunisaidia kuamua.

CT skani ya kiuno hukupa mionzi ya takriban milisivati 6 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Mionzi ya asili, inayotoka ardhini, hewani na angani, humpata kila mtu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Mionzi ya CT skani inaongeza uwezekano wa saratani baadaye, kidogo sana, lakini inaongeza. Mimi nilianguka na daktari alishuku pingili ya uti wa mgongo imevunjika, kwa hiyo nilikubali. Ila kama mgongo unauma tu, hukuanguka, huna homa wala ganzi mapajani, na mkojo unauzuia vizuri, muulize daktari kama hamwezi kusubiri. Maumivu mengi ya namna hiyo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na picha yaweza kukutia hofu bure: watu wengi wasioumwa chochote wana diski (vile vimto kati ya pingili) zilizotokeza.

Siku zangu zilikuwa zimechelewa. Nikaambiwa hakuna haja ya kupima mimba, tuendelee. Nilikataa kupanda kile kitanda mpaka nipime mkojo, kwa sababu mionzi ya kiuno hupita palepale mfuko wa uzazi ulipo. Majibu yakaja hasi, nikapanda. Dawa ya kuchoma kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri zaidi sikupewa; kwa kutazama mifupa mara nyingi haihitajiki. Ukiambiwa utachomwa, sema mapema kama una shida ya figo au iliwahi kukudhuru.

Kazi ilikuwa baadaye. Nilijua nitapelekwa hospitali nyingine, nikaomba picha zangu. Wakanipa bahasha yenye karatasi ya majibu. Nikarudi dirishani: nataka picha zenyewe, kwenye CD. Wakanipa CD. Nikawaomba waiweke kwenye kompyuta nikiwa nimesimama palepale, na haikuwa na kitu! Walipoichoma upya nikaziona pingili zangu zikipita moja baada ya nyingine kwenye skrini, ndipo nikaondoka.

Kule nilikopelekwa, fomu ya CT skani nyingine ilishaandikwa kabla sijakaa vizuri. Nikatoa CD. Daktari akazipitia picha taratibu, akanionyesha ufa mdogo kwenye ncha ya pingili, akaikata ile fomu kwa kalamu. Nikaondoka na dawa za maumivu na maelekezo ya mazoezi, bila mionzi ya pili.

Na aliyenisisitizia ninywe maziwa kusafisha mionzi: hakuna cha kusafisha. Mashine ikishazimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini.