Kabureta Mbili za Baba Mdogo

Mafundi niliowaendea mwanzoni walikuwa na ushauri mmoja: ng'oa hiyo injini, weka ya Toyota. Mmoja pale Mabatini alishanipigia hadi hesabu, injini, gia boksi na ufundi wake, akanihakikishia kwamba spea nitazipata hata nikiharibikiwa Geita. Sikumlaumu. Mtu anayekula kwa kutengeneza daladala ana sababu gani ya kuhangaika na Datsun 240Z ya mwaka 1972? Gari la milango miwili na viti viwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu, na mwenye nalo ni binti asiyejua koili ni ipi na kondensa ni ipi.

Lilikuwa gari la baba mdogo. Alilinunua Mombasa alipokuwa akifanya kazi huko, akakaa nalo miaka yote, na alipofariki likaletwa Mwanza juu ya lori pamoja na vitanda na friji. Kwenye kikao cha familia baada ya arobaini, shangazi mmoja alitaka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilipinga kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili mbele ya wakubwa, wakaniachia. Nadhani walitaka tu nikome mwenyewe.

Na kidogo nikome. Kuwaka liliwaka, ila kwa moshi mweusi wa kutia aibu, na harufu ya petroli ilinifuata mpaka kwenye nguo za kazini. Kupanda mlima wa Bugando lilikohoa njia nzima, wauguzi wanaopanda kwa miguu wakawa wananipa pole.

Aliyenielekeza kwa mzee ni muuza spea wa mjini. "Nenda Nyakato, uliza mzee wa kabureta. Usipomkuta gereji, yuko shambani." Gereji yenyewe haikuwa na kibao. Mwembe, banda la mabati, shimo la kushukia chini ya gari, na vijana wawili wakiosha gia boksi kwa mafuta ya taa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba mayu," huku macho yake yameshafika kwenye boneti.

Alifungua plagi moja, akaigeuzageuza, akainusa. Ilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Nani alikwambia injini imekufa?"

Nikasema mafundi wote. Akauliza gari limetoka wapi. Niliposema Mombasa akacheka, akawaita wale vijana waje nao wasikie.

"Mombasa iko usawa wa bahari," alisema. "Sisi hapa tuko juu, zaidi ya mita 1,100. Hewa ya huku ni nyepesi, karibu sehemu moja ya kumi imepungua. Kabureta hizi, zinazochanganya petroli na hewa, ziliwekwa sawa kule, hakuna aliyezigusa tena. Kwa hiyo gari linapewa petroli ya Mombasa na hewa ya Mwanza. Litaacha kutoa moshi?"

Kisha akafungua chujio la hewa. Lilikuwa limeziba kwa vumbi, na juu ya vumbi utando wa mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama wingu jioni wakafuata taa za majumbani. Barazani tulikuwa tumeweka taa, gari tukaliegesha chini yake. Alilikung'uta kwenye gurudumu, akanipa nishike.

Nilitegemea kumwachia ufunguo niitwe likipona. Akakataa. Alisema gari la namna hii ukiliacha gereji linakuwa la fundi, na yeye magari ya kwake alishachoka nayo. Nililete Ijumaa jioni lilale pale, ili Jumamosi asubuhi tulikute limepoa, na nije na nguo ambazo sitazililia.

Kwa nini lipoe, nilijua asubuhi yake. Tulianza na tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye kila valvu, na tapeti za injini hii zina vipimo vya baridi: milimita 0.20 kwa valvu za kuingizia, 0.25 kwa za kutolea moshi. Mzee alivisema bila kitabu. Nikauliza kwa nini zisiwe sawa. Badala ya kunijibu akaniuliza, kati ya mlango wa jikoni na bomba la moshi, chuma kipi kinavimba zaidi? Kumbe valvu ya kutolea inaungua zaidi, inarefuka zaidi, basi unaiachia nafasi zaidi.

Alipoinua kile kifuniko kirefu niliona kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, imelala juu ya vichwa vya silinda sita, inang'aa oili. Unazungusha injini polepole hadi ncha ya kam itazame juu, halafu unapitisha kibati chembamba cha kupimia kati ya kam na mkono wa valvu. Spana namba 17 inalegeza nati ya kufungia, namba 14 inazungusha egemeo lenyewe. Kibati kinatakiwa kipite kwa kusugua. Kikiteleza, nafasi ni kubwa. Kikikwama, ni ndogo. Mzee aliiseti ya kwanza, akakaza nati, akanipa nipime ili vidole vyangu vijue kusugua kunakuwaje.

Halafu akailegeza kazi yake yote, akanikabidhi spana.

Mafundi wengi niliokutana nao tangu hapo wanafundisha kwa kukuonyesha mgongo. Huyu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, na kila nilipokaza nati egemeo likazunguka nayo na kipimo kikaharibika, alisema "tena" kwa sauti ileile. Valvu ziko kumi na mbili. Jua lilikuwa limeshavuka mwembe nilipomaliza.

Pointi za distribyuta na taimingi, yaani wakati wa cheche za plagi, tulizifanya upesi, kwa kuwa zilikuwa karibu sawa. Nikashika bisibisi nikaelekea kwenye kabureta. Akanizuia: tule kwanza.

Tulikula michembe na karanga, na chai ya kwenye chupa. Ndipo aliponisimulia kwamba ufundi aliupatia Nairobi, akiwa kijana, enzi za Datsun kutamba kwenye Safari Rally. 240Z ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Mzee aliieleza 1973 kama mtu anayesimulia ugomvi wa jirani. Mimi nilikuwa najua 240Z ni gari zuri la kupigia picha. Sikujua lilipita kwenye matope ya Afrika Mashariki likawapita wenzake.

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 alikuwa amesharudi nyumbani, na ukakaa umefungwa hadi 1983. Spea alizozoea kuagiza Nairobi zikawa hadithi. Gasketi akawa anakata mwenyewe kwa mkasi kwenye karatasi nene, anagonga matundu kwa nyundo ndogo. "Ule ndio ulikuwa ufundi," alisema, ila hakuwa na majivuno wala hakutamani urudi. Kwenye mfuko wake siku hiyo kulikuwa na gasketi mpya ya dukani, na aliifurahia.

Kabureta zilikuja mwisho. Alisema watu huanzia hapo kwa sababu ndipo bisibisi inapoingia kirahisi, wanaishia kurekebisha kosa la tapeti kwa petroli. 240Z ina mbili, Hitachi zilizofuata muundo wa SU wa Uingereza, na kila moja inalisha silinda tatu. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, imebeba sindano iliyochongoka inayoingia kwenye tundu la petroli. Pistoni ikipanda, sindano inapanda nayo, petroli inaongezeka. Basi, hicho ndicho chombo kilichowatisha wale mafundi.

Tulizifungua, tukasafisha utando wa kahawia ulioachwa na petroli iliyolala. Akaniambia niinue pistoni kwa kidole kisha niiachie. Ya mbele ilianguka ikagonga, *ko*. Ya nyuma ilishuka kwa uvivu. Tukaipangusa tena, mpaka nayo ikagonga. Tukajaza oili nyepesi juu yake, tukashusha tundu la petroli mizunguko miwili na nusu kutoka juu, tukawasha.

Ndipo akatoa kipande cha mpira, ule wa kupitishia maji, urefu wa mkono. Ncha moja sikioni kwangu, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele. Nikasikia mluzi. Akaihamishia ya nyuma: mluzi mnene zaidi. "Hiyo inavuta kazi ya mwenzake," akasema. Nikazungusha skrubu kidogo, nikasikiliza, nikahamisha, nikazungusha, hadi nikawa sitofautishi. Baada ya hapo tukapima mchanganyiko: pembeni ya kabureta kuna kipini, ukikisukuma kinainua pistoni kidogo. Injini ikipandisha mwendo na kubaki huko, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, imepungua. Ikipanda kidogo tu ikarudi, umefika. Zetu zote mbili zilipandisha zikabaki, kama alivyosema tangu siku ya plagi. Tukapandisha tundu kidogo kidogo. Moshi ukawa wa kijivu, kisha ukawa hauonekani.

Tuliijaribu barabara ya Usagara, mimi kwenye usukani, yeye kiti cha pili kafunga mkanda kama anakwenda mbali. Baada ya Buhongwa, barabara ilipopata nafasi, akasema, "Kanyaga." Sikuwa nimewahi kusikia silinda sita zikiimba pamoja, na sioni haya kusema nilipiga kelele. Yeye alikuwa kaegemeza kichwa dirishani, anasikiliza upande wa nyuma.

Tuliporudi alinitoza plagi sita, gasketi na oili, kwa bei ya dukani. Nilipohesabu noti za ufundi akauliza, "Fundi gani? Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo." Nikasisitiza, akachukua za soda ya vijana, nyingine akanirudishia nikanunulie vibati vyangu vya kupimia, kwani vyake havitoki pale.

"Na Jumamosi ijayo uje mapema," akasema nikiwa nishawasha. "Breki za nyuma ni ngoma, tutazifungua. Ukikanyaga kuna kitu kinalia, upande wa kulia. Hukusikia?"

Sikuwa nimesikia. Nikakanyaga makusudi kabla ya kufika lami, kioo kikiwa wazi. Kweli, inalia.