Anga yenye nyota ndani ya taya

Kazi yangu ni kukata nyama. Nikisema nipo maabara ya patholojia, wengi hudhani nashinda na chupa za damu na mikojo, lakini mezani kwangu huletwa vipande vilivyotolewa mwilini kwa kisu cha mpasuaji au kwa sindano. Vinalala kwenye fomalini, maji ya dawa yanayozuia kuoza, hadi vikakamae, vinatolewa maji kwa alkoholi ngazi kwa ngazi, vinaingizwa nta ya parafini iliyoyeyuka, na nta ikiganda unapata kibonge tunachokiita bloku. Naifunga bloku kwenye mikrotomu, nazungusha mkono wa mashine, tishu inatoka na unene wa mikromita 4. Unywele mmoja wa kichwani ungeuchana mara 15 au zaidi ndipo ufikie hapo. Mkato unafuata mkato, umeshikana kama utepe, unauweka juu ya maji ya uvuguvugu ujinyooshe, kisha unaupokea kwa slaidi. Pumzi moja ya karibu inatosha kuukunja wote. Sisi wakataji tumezoea kubana pumzi. Mimi hata nikitunga uzi kwenye sindano najikuta nimeibana.

Leo nataka kuandika juu ya slaidi moja tu.

Nilikuwa bado mwanafunzi. Bloku ilikuwa ya uvimbe wa taya la mtoto. Nikaikata, nikaipaka himatoksilini, rangi itokayo kwenye gogo la mti, inayogeuza viini vya seli kuwa bluu ya zambarau, halafu eosini inayoacha sehemu nyingine na uwaridi. Mwalimu wangu, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa amekaribia kustaafu, aliniita kwenye hadubini ya watu wawili, yeye upande huu, mimi upande ule.

“Limfoma,” nikasema upesi, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma fomu.

“Sijakuuliza jina, mwanangu. Nimekuuliza unaona nini.”

Nikaanza upya. Naona bluu, nikamwambia. Bluu tupu, seli zimebanana bila nafasi, zote zinalingana kama zimepimwa. Halafu ndani ya hiyo bluu kuna madoa meupe, yametawanyika huku na huku. Kila doa lina seli moja kubwa, na tumbo lake limejaa vipande vipande.

“Wanaita anga yenye nyota,” akasema. “Ila hizo unazoziona nyota ni makaburi.”

Akanieleza. Seli zile za bluu zinagawanyika kwa kasi ambayo karibu hakuna uvimbe mwingine wa binadamu unaoifikia. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Zinazozaliwa kwa kasi hiyo hufa pia kwa kasi, na ile seli kubwa nyeupe ni makrofaji iliyokuja kumeza maiti. Kwa hiyo picha niliyokuwa nikiitazama ilikuwa ya uzazi na mazishi kwa wakati mmoja, imesimamishwa na fomalini. Sijawahi kuitoa kichwani.

Ugonjwa huo ni limfoma ya Burkitt. Nimeushika kama mfano kwa miaka mingi kwa sababu sijui ugonjwa mwingine unaoonyesha vizuri hivi jinsi chanzo kinavyotafutwa, na jinsi kila kifaa kinavyofika mahali fulani kikaishia hapo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto wa kiume aliyevimba pembe zote nne za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mwingine wa aina hiyo Jinja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958 akiuita uvimbe huo sarkoma, yaani saratani ya tishu kama misuli na mifupa. Macho ya mpasuaji yalikuwa yameona kweli: ugonjwa ni mmoja, hata kama mtoto huyu amevimba taya na yule tumbo. Lakini ni aina gani ya seli, macho hayo hayangeweza kusema. Jibu hilo lilitoka kwa watu wa slaidi. Gregory O'Conor na Jack Davies, wataalamu wa patholojia palepale Mulago, walipitia vipande vya saratani za watoto na mwaka 1960 wakaonyesha kwamba hii ni limfoma, saratani ya seli za kinga.

Burkitt naye hakuketi. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alifunga safari ya gari kuelekea kusini mwa Afrika, kilomita zipatazo 16,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Walibeba picha. Ramani iliyotoka humo ilionyesha uvimbe unafuata joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ulikuwa nadra. Ugonjwa unaofuata mvua unanukia mbu, na ndiko mawazo yalikokwenda. Napenda sana kwamba sehemu hii ya utafiti haikuhitaji hata tone moja la kemikali.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwemo Michael Epstein, mtafiti wa virusi vya kuku, ambaye aliondoka akiwa na hakika kwamba kuna kirusi nyuma ya jambo hili. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi maabara yake. Kwa muda mrefu hakuambulia kitu: aliangalia kwa hadubini ya elektroni, hapakuwa na kirusi. Halafu ikaja sampuli iliyochelewa. Ukungu uliifanya ndege itue Manchester badala ya London, na kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamekuwa kama maziwa. Mtu mwingine angesema yameingia bakteria, angemwaga. Epstein akachukua tone akaliweka chini ya hadubini ya kawaida, akakuta ni seli hai za limfoma zilizojitenga na kipande na kuelea peke yake. Kwa kuelea hivyo ndipo zikakubali kukuzwa maabara. Ndani ya seli hizo zilizokuzwa, mapema mwaka 1964, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi. Sasa kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Hadithi hii mimi nimeisoma kama mtu wa benchi, na inaniuma na kunifurahisha pamoja. Sampuli ngapi zimemwagwa kwa sababu zilionekana zimeharibika?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo: kirusi kimepatikana, chanzo kimejulikana. Lakini baadaye ilidhihirika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho kirusi hiki, na karibu wote hawatapata limfoma. Kwa watu wengi kinakaa kimya. Kwa wengine kinaleta homa ya tezi, na hilo nalo liligunduliwa kwa njia inayonigusa: Philadelphia, katika maabara ya Werner na Gertrude Henle, fundi wao wa maabara alikuwa mmoja wa wachache ambao damu yao haikuwa na kingamwili, protini za kinga, dhidi ya kirusi, kwa hiyo walikuwa wakiitumia kama kipimo cha kulinganishia. Mwaka 1967 akaugua homa ya tezi. Aliporudi kazini wakapima tena, na safari hii kingamwili zilikuwepo. Fundi wa maabara, mtu wa cheo kama changu, alibeba jibu kwenye mishipa yake.

Kwa hiyo kirusi peke yake hakitoshi. Nini kingine? Hapa inabidi kushuka hadi kwenye kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya kiini cha seli. Mwaka 1972 Georgi na Yanka Manolov, mume na mke kutoka Bulgaria waliokuwa wakifanya kazi Sweden, waliona kwamba seli za Burkitt zina kromosomu namba 14 iliyorefuka kupita kawaida. Miaka michache baadaye ikajulikana kipande kile cha ziada kimekatika kutoka kromosomu namba 8. Na mwaka 1982 watafiti wakataja jeni iliyohama na kipande hicho: MYC, jeni inayoiamuru seli igawanyike.

Nieleze kwa nini uhamisho huo ni msiba, maana hapa ndipo ile bluu ya slaidi ilipoanza kunieleweka. Limfoma hii huanzia kwenye seli ya kinga iitwayo seli ya B, na seli ya B ni kiwanda cha kingamwili. Jeni ya kutengeneza kingamwili ipo kwenye kromosomu 14, na ndani ya seli ya B jeni hiyo inafanya kazi muda wote, swichi yake haizimwi. MYC kwa kawaida huwashwa kidogo, seli ikagawanyika, ikazimwa. Ikikatika na kubandikwa jirani na swichi ya kingamwili, inawaka moja kwa moja. Seli inapokea amri moja tu, gawanyika, gawanyika, na inaitii. Bluu tupu, seli zote sawasawa, nyota za makaburi katikati: yote niliyomtajia mwalimu wangu kwa kigugumizi siku ile yanaanzia kwenye mkatiko mmoja wa kromosomu.

Na kwa nini ikatike? Seli ya B ina desturi ya hatari. Ili kuboresha kingamwili zake, inatumia kimeng'enya kiitwacho AID kukatakata na kubadilisha jeni zake yenyewe, ikiwa ndani ya tezi za limfu. Mara nyingine kimeng'enya hicho kinakosea shabaha na kugusa MYC. Malaria inayorudi mwaka baada ya mwaka humfanya mtoto awe na seli za B zinazochochewa bila kupumzika, AID ikiwa kazini muda wote, huku kinga inayopaswa kukidhibiti kirusi ikidhoofika. Kirusi nacho huisaidia seli iliyoharibika isijiue kama ilivyopaswa. Ramani ya mvua ya Burkitt na kromosomu ya akina Manolov zinakutana humo, ndani ya tezi ndogo ya mtoto.

Sasa nije kwenye kinachonikereketa.

Vipimo vya molekuli vimekuja kwa kishindo, na nimevipokea kwa mikono miwili. Lakini nasikia watu wakisema tishu imepitwa na wakati, sageni tu kipande, tusome DNA. Ukisaga unapata wastani. Nyota na anga vinachanganyika, seli za uvimbe, makrofaji, mishipa, nyama iliyokwisha kufa, vyote supu moja. Ndiyo maana kabla ya kutoa DNA mtaalamu huzungushia kalamu kwenye slaidi pale uvimbe ulipo, nami nakwangua kwa wembe ndani ya duara hilo tu. Kalamu na wembe! Kipimo cha ghali mno kinategemea duara lililochorwa na mtu aliyejua kutazama. Na mbinu mpya ninazozisubiri kwa hamu ni zile zinazosoma RNA, nakala za jeni ambazo seli inazitumia, palepale ilipo kwenye mkato, bila kusaga, ili ujue seli ipi ilisema nini na jirani yake alikuwa nani.

Upande wetu sisi watu wa tishu nao una makosa yake. Niliwahi kupokea kipande kilichokaa kwenye fomalini majuma kadhaa kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukituma. Chini ya hadubini kilikuwa kizuri ajabu. DNA yake ilikuwa vumbi. Fomalini hufunga protini na DNA pamoja, huzikatakata, na hata kubadilisha herufi: sitosini hupoteza sehemu yake ikasomeka kama timini, nawe ukadhani umegundua mabadiliko ya jeni kumbe ni kazi ya kopo. Tishu za saratani ya matiti zina muda unaojulikana, saa 6 hadi 72 ndani ya fomalini. Mgonjwa yule ilibidi achomwe sindano ya pili. Tangu hapo kila kopo linalonifikia bila saa ya kuanza kulowekwa, napiga simu. Wananiona msumbufu. Nitaendelea kupiga.

Mwalimu alipostaafu aliniachia funguo za kabati la bloku za kufundishia, na ile ya taya ilikuwemo. Mwaka jana tulikuwa tukijaribisha kipimo cha EBER, kinachotafuta RNA ndogo za kirusi cha Epstein-Barr ndani ya kiini cha seli. Nikaitoa. Mkato wa kwanza niliufanyia kipimo cha kuhakikisha RNA bado ipo, kwa sababu RNA ikiwa imeoza, jibu la “hakuna kirusi” halina maana yoyote. Ilikuwepo. Nikakata wa pili, nikabana pumzi, nikaupokea.

Asubuhi yake niliuweka kwenye hadubini ileile ya watu wawili, kiti cha mbele yangu kikiwa kitupu. Kila kiini cha ile bluu kilikuwa kimegeuka cheusi, kimoja kimoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Viini vya zile seli kubwa havikushika rangi. Nyota zilikuwa bado nyeupe.