Tulivyomaliza ugomvi wa LUKU kwenye nyumba ya mita moja

Kama umewahi kupanga nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, unaujua ugomvi wake. Umeme unakata saa mbili usiku, milango inafunguliwa, kila mtu anaapa juzi alinunua yeye. Sisi hapa Tandika tumeachana na hayo, tena baada ya kuujaribu na kuutupa ushauri mwingi tuliopewa.

Wa kwanza ulikuwa mchango sawa kwa kila chumba. Bibi wa chumba cha nyuma, mwenye taa moja na redio, akawa analipa sawa na mwenye friji ya kuuza barafu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi saa tatu nimeshazima taa. Hizo uniti nazila mimi?"

Wa pili, zamu: wiki hii chumba hiki kinanunua, wiki ijayo kile. Huo nusura utupiganishe. Watu walirundika nguo wakingoja zamu ya jirani ndipo wapige pasi. Maharage yakahamia kwenye jiko la umeme na mkaa upo. Aliyeangukiwa na mwanzo wa mwezi ndiye aliyeumia zaidi, maana manunuzi ya kwanza yanakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500. Nunua umeme wa elfu mbili uone: unapata uniti moja na kidogo.

Kilichotuokoa ni kile kitaa chekundu kinachopepesa kwenye mita. Soma maandishi yaliyo karibu nacho. Yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Jumapili moja nikawaomba wenzangu tukutane koridoni. Tukazima kila kitu, kisha tukawa tunawasha kifaa kimoja kimoja, kijana wa chumba cha pili ameshika simu anatupimia dakika. Taa ya bibi: dakika ikaisha, kitaa hakijapepesa. Televisheni, mara moja. Pasi, mara 17. Ilipofika hita ya kuchemshia maji ya kuoga tukawa tunahesabu kwa sauti, wote, hadi 33, na mwenye hita akasema mwenyewe, "Basi, nimeona." Nusu saa ya hita hiyo ni uniti nzima. Taa ya bibi ni ya wati 10, inahitaji saa 100 kuimaliza uniti hiyohiyo. Hakuna aliyenyooshewa kidole, kila mtu alihesabu kwa macho yake.

Sasa tunachanga kwa vifaa, na wenye hita na friji ndio wanaotoa zaidi. Daftari linakaa kwa bibi, kwa sababu hakuna anayethubutu kumdanganya. Meseji za makato ya kodi ya jengo tulimwonyesha mwenye nyumba, akakubali kuyatoa kwenye kodi zetu za chumba. Wa friji ameshafunga mita yake ndogo ya kupimia chumba chake, fundi na vifaa kama elfu hamsini hivi. Mkitaka kujaribu, angalieni kwanza namba ya imp/kWh kwenye mita yenu. Ikiwa ni 1600 au 3200, hesabu inabadilika.

Bado linaniuma jambo moja. Kuna bei nafuu ya umeme kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na bibi peke yake hafikishi hata kumi, lakini kwenye mita hii ya pamoja, inayopita uniti hizo, analipa bei ya wakubwa. Nimeshamwambia mwenye nyumba aombe mita ya pili, na kila nikipeleka kodi namkumbusha.