Nanaa ya Bibi Siku ya Posa

Mwezi wa Desemba mwaka 2016 nilisafiri kutoka Tanga kwenda Bagamoyo, kwa sababu washenga walikuwa wanakuja kumposa mdogo wangu, nami nilikuwa nimejitwisha kazi ya kinywaji. Basi liliposimama Kiwangwa nilinunua mananasi 4 kupitia dirishani, nikayapakata hadi nyumbani kwa bibi.

Nilikusudia kusaga kila kitu pamoja kwenye blenda: mananasi, pasheni 20, na fungu zima la nanaa lililochumwa nyuma ya nyumba, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Jagi la kwanza lilinivunja moyo. Juisi ilitoka na rangi ya kijani iliyofifia, ikiwa na uchungu wa majani mabichi, na mbegu za pasheni zilizokatwakatwa zilikuwa zimeacha chembe nyeusi zinazokwaruza ulimi. Kabla sijajaribu tena, umeme ulikatika.

Bibi alivuta kigoda, akaagiza kinu. Tulitwanga vipande vya nanasi kidogo kidogo, kisha tukavikamua kwa kifumbu kipya ambacho hakijawahi kushika nazi, kwani alisema kuwa ladha ya tui ikiingia kwenye juisi haifichiki. Pasheni tulizikoroga taratibu kwa kijiko ndani ya chujio, hadi mbegu zikabaki nzima. Sukari robo kilo tuliichemsha na tangawizi katika vikombe 2 vya maji hadi ikawa shira nyepesi, tukaikalisha sufuria kwenye beseni la maji ili ipoe kabisa, maana nanaa ikikutana na moto hupauka na kupoteza ile harufu inayotafutwa.

Nilipochukua majani ili niyatie kinuni, alinishika mkono.

“Mume wangu,” aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu niliouzoea tangu utotoni, “nanaa haitwangwi, inaamshwa.”

Akaweka majani machache kwenye kiganja cha kushoto, akayapiga kofi moja tu kwa kiganja cha kulia, akaninusisha. Sijaisahau harufu ile. Baadaye nilisoma kwamba mafuta ya nanaa hukaa kwenye vifuko vidogo mno usoni mwa jani, hivyo kofi jepesi hutosha kuvipasua, ilhali kusaga huvunjavunja jani lote na kutoa uchungu wake. Bibi aliyajua hayo kwa pua yake. Tulichanganya juisi na shira, tukakamulia ndimu 3, tukatia majani yaliyoamshwa, na barafu iliyokuwa bado haijayeyuka kwenye friji tuliigawa kwenye bilauri dakika ya mwisho.

Washenga walifika baada ya sala ya alasiri, wakiwa wameloa jasho ndani ya kanzu zao. Mzee aliyewaongoza alikunywa bilauri ya kwanza bila kupumzika, akaomba ya pili, na hiyo ya pili akainywa polepole, akilitafuna hata jani lililobaki chini. Ndipo akauliza limechumwa wapi. Bibi hakumjibu kwa maneno. Alitoka uani akakata mashina matatu kwenye vifundo, akayatumbukiza katika kikopo chenye maji. Maneno ya posa yalipokwisha na wageni kuaga, mzee yule aliondoka amekishika kikopo kile kwa mikono miwili.